Kilichochorwa Hakikukaa

Wiki iliyopita nilimwita fundi apake rangi geti langu. Alipofungua kopo na kumimina mafuta ya taa ndani ili rangi iwe nyepesi, niliketi ghafla pale pale kwenye ngazi. Kijana wa watu alidhani presha imepanda, akakimbia kuniletea maji. Nilimwambia aendelee na kazi, mimi mzima, ni harufu tu. Rangi iliyochanganywa na mafuta ya taa ndiyo ilikuwa harufu ya baba yangu, na tangu tumzike sikuwa nimeisikia kwa karibu namna ile.

Wenzangu wa rika langu, mliokula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na kupanga foleni ya sabuni kwenye duka la kijiji, mtanielewa nikisema kwamba mambo mengi ya miaka ile sisi watoto tuliyaelewa kinyume. Hakuna aliyekuwa na muda wa kutueleza. Wakubwa walikuwa wanahamishwa, wanahutubiwa, wanalima shamba la kijiji, wanarudi jioni wamechoka hoi, na sisi tukabaki kujitungia wenyewe sababu za mambo. Sababu niliyojitungia mimi ilinitesa sana, na hata leo na mvi zangu sina hakika kama nimeiacha yote.

Baba yangu alikuwa mchoraji. Kwetu Nyanungu, ambako mwanaume aliulizwa ng'ombe wake kabla ya kuulizwa jina, hiyo haikuwa kazi ya kujivunia. Aliipata misheni alipokuwa kijana, akimsaidia padri mmoja mzee kupaka watakatifu kwenye ukuta wa kanisa, na padri aliporudi kwao alimwachia brashi na tabia ya kukaa kimya. Kilichotulisha ni vibao. Kila kijiji kipya kilitaka kibao cha ofisi, kibao cha duka, kibao cha zahanati, na maneno ya kuhimiza kilimo yaandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Baba alipakia makopo kwenye begi lake la turubai akaenda Genkuru, akaenda Kerende, akavuka mto mpaka vijiji vya Serengeti karibu na mbuga, akilala kwa watu. Alirudi mwezi ukiwa umekwisha, pengine na sukari kidogo ndani ya karatasi, pengine bila kitu.

Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine. Akiwa nyumbani alitoka alfajiri, jua likiwa bado na adabu, akaketi mbele ya kitu kimoja tu, mti au kilima au nyumba ya mtu, akakichora kwa mkaa kwenye karatasi ya mfuko wa simenti. Rangi hakuzigusa huko nje. Rangi zilikuwa za ndani, kwenye kibanda alichojijengea nyuma ya nyumba, chenye dirisha kubwa kuliko mlango. Humo aliwamba nguo ya mfuko wa unga kwenye fremu ya miti, akaipaka uji mwembamba wa muhogo uliochanganywa na chokaa, akaiacha ikauke mpaka ukiigonga inalia. Nyekundu aliisaga kutoka udongo wa kichuguu. Nyeusi ilikuwa masizi ya chungu cha mama, naye mama alilalamika kwamba kijiji kizima hakuna chungu kinachokwanguliwa kama chake. Brashi nyembamba alizitengeneza kwa nywele za ndani ya sikio la ng'ombe.

"Nje unatazama," aliniambia siku moja nilipomuuliza kwa nini asimalize huko huko. "Ndani unakumbuka. Ukichanganya, unaharibu."

Mimi nilikuwa mtoto pekee. Mama alikuwa amezaa wengine kabla yangu na hawakukaa, basi nyumbani tulikuwa sisi wawili, mama na mimi, na baba aliyekuja na kuondoka.

Picha ya kwanza ninayoikumbuka ni ya mji wa Mzee Mwita. Sisi boma la mtu na wake zake na zizi lake tunaliita mji, na mji wa Mzee Mwita ulikuwa mgongoni mwa kilima, nyumba zimelizunguka zizi, kila mke na mahali pake. Baba alikaa mbele yake asubuhi nyingi. Picha ilipoisha kukatokea ugomvi, kwa sababu kutoka pale alipokuwa ameketi, nyumba ya mke mdogo ilionekana kubwa kuliko ya mke mkubwa. Mke mkubwa alikuja kwetu na fimbo yake, akaketi, akanywa uji, akasema hatoki mpaka nyumba yake iongezwe. Baba alijaribu kumweleza mambo ya karibu na mbali. Bibi yule alimsikiliza vizuri kabisa, kisha akasema, "Mwanangu, mimi niliolewa kwanza." Baba akaingia kibandani akaongeza paa.

Muda si mrefu malori yakaja. Watu wa mgongoni wote wakashushwa bondeni kwenye kijiji kipya, kilichopimwa kwa kamba, nyumba mstari mmoja, mlango ukitazama mlango. Sisi hatukuhama; mistari ilipita mlangoni kwetu, wengine wakaletwa kutuzunguka. Siku moja nilipanda na mama kule mgongoni kutafuta kuni, nikaona mji wa Mzee Mwita umekwisha. Nyasi za paa zilikuwa zimeondolewa, mvua imezila kuta, na mahali pa zizi paliota mboga ndefu kuliko mimi. Lakini nilijua ulipo. Nilikuwa nimeuona asubuhi hiyo hiyo kibandani kwa baba, mzima, moshi ukitoka, mpaka kuku wapo. Nikajiambia: kumbe umeingia mle pichani.

Baada ya hapo ukaja mkuyu wa kisimani. Baba aliuchora, na kabla rangi haijakauka wakaukata kutengeneza madawati ya shule. Halafu likaja dume la Marwa, jirani yetu wa mstarini. Marwa mwenyewe alikuja kumwita baba, kama tunavyomwita kijana wa kiume: "Mura, njoo unichoree dume langu." Lilikuwa jekundu, lenye baka jeupe kwenye paji la uso, na Marwa alilipenda kuliko alivyowahi kusema anampenda mtu. Baba alilichora pale zizini, akaingia ndani kulimalizia, na lilipokamilika kwenye nguo, lile la nyama likafa kwa ndigana, homa ya kupe.

Leo najua, kama ninavyojua viganja vyangu, kwamba mambo yalikuwa yamepinduka kichwani mwangu. Mzee Mwita alishasikia habari za malori ndipo akamwita baba. Mkuyu ulikuwa na alama ya shoka siku nyingi. Dume la Marwa lilikuwa limekataa majani na macho yalishaanza kutoka machozi, na mwenye ng'ombe wa kwetu hahitaji daktari kumwambia maana yake. Baba aliitwa mwisho, kama padri wa mpako wa wagonjwa, na padri naye kuna watoto wanaodhani ndiye anayeua. Lakini nani angenieleza? Mimi niliona kitu, kisha nikaona baba na mkaa wake, kisha sikukiona tena.

Na si mimi tu. Mama Robi, mke wa Marwa, ndiye aliyeanza kusema kwa mdomo. Alikuwa mwanamke mwenye sauti na moyo mkubwa vyote viwili, na dume lile ndilo lilikuwa litoke kwenye mahari ya kumwoza kijana wake. Akimwona baba anapita njiani na begi la turubai, alikusanya kuku wake mbio mbio akawafunika na tenga, kisha akakaa juu ya tenga.

"Shikamoo shemeji," baba alimsalimia kwa utani, ingawa walilingana.

"Pita salama, Mchoraji," alijibu. "Pita tu. Usitazame huku."

Baba alicheka mpaka akafika nyumbani. Alituigizia jinsi kuku walivyokuwa wanapiga kelele chini ya Mama Robi. Mama alicheka naye, kidogo.

Baba alikuwa na begi na njia. Siku mbili tatu baadaye akaenda zake Kerende kuandika kibao, na waliobaki na tenga la Mama Robi ni sisi. Kwanza wanawake waliacha kumpitia mama kwenda kisimani. Kisha watoto waliokuwa wakija kucheza nyuma ya kibanda wakaitwa makwao. Serikali ilitusogeza karibu ili tuishi kama ndugu, na kweli, jioni niliweza kusikia Marwa akikohoa, niliweza kunusa walichounga kwa kina Robi, lakini hakuna mguu uliovuka kuja kwetu. Zamani nyumba zikiwa mbali, mama aliniambia, mtu alitembea nusu ya asubuhi kuja kukusalimia. Mama alitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, kwa Wakurya wenzetu wa huko, na kwao walikuwa wengi, nyumba imejaa dada na mashangazi. Jioni nyingine alisimama mlangoni na mwiko mkononi akitazama njia, mpaka ugali ukaungua. Nami nilimtazama yeye. Nilikuwa mpweke, yeye alikuwa mpweke, na hatukujua namna ya kuunganisha hivyo viwili.

Jambo lililomfikisha mwisho lilitokea siku ya sabuni. Duka la kijiji lilipata sabuni, foleni ikapanda mpaka ofisini. Nilikuwa nimeshika gauni la mama. Waliokuwa mbele yetu walisogea mbele zaidi, waliokuwa nyuma wakabaki nyuma, hata tukawa tumesimama peke yetu katikati ya foleni, nafasi ya kupita ng'ombe huku na huku. Hakuna aliyetutukana. Walitusalimia vizuri, wakauliza habari za shamba. Mama alichukua kipande chake cha sabuni tukarudi nyumbani. Baba alikuwa amefika asubuhi hiyo, anaosha brashi mlangoni mwa kibanda.

"Baba Gati, nichore," mama alisema.

"Nini?"

"Nichore mimi. Hapo nje kando ya njia, kila mtu apite aone. Nisipokufa watanyamaza."

Baba alianza kucheka, akamtazama usoni, akaacha. "Mimi sichoraga watu, unajua."

"Ulichora mkuyu. Ulichora dume la Marwa. Sasa mimi nimeshindwa na ng'ombe?"

"Watu hawatulii."

"Nitatulia. Kukaa mahali pamoja nimezoea. Unanichora ama hunichori?"

Nilikuwa nimesimama pale na sabuni mkononi. Nilikuwa na hakika kabisa. Hakuna jambo nililoliamini kanisani kwa hakika ile. Baba atamchora mama, atammaliza kibandani kwa rangi, na akimaliza mama atakufa, nami nitakuwa nampata kwenye nguo ya mfuko wa unga, mzima, amefunga kitambaa, haniitikii.

Walianza asubuhi iliyofuata. Baba aliweka kigoda kando ya njia, mama akaketi. Mikono yake haikujua pa kukaa, basi akachukua ungo wa maharage akawa anachambua. Mimi nilijipenyeza katikati yao.

"Gati, toka, unanizibia."

Nilitoka, nikarudi kwa upande mwingine. Aliponifukuza huko, nikakaa chini nyuma ya kigoda, nikashika upindo wa gauni la mama kwa mikono yote miwili, nikavuta. Nilijiambia kwamba nisipouachia hatachukulika. Mama alidhani nina usingizi. "Huyu mtoto amekuwa mzito siku hizi," alisema bila kugeuza kichwa, maana alikatazwa kugeuza. Walipita watu wa kwenda shambani, walipita wanafunzi, alipita balozi wa nyumba kumi akasimama kidogo akasema picha ni jambo zuri kwa maendeleo. Mama Robi alipita mara nyingi kuliko haja yake ya maji.

"Umeamkaje, Mama Gati?" aliuliza kila alipopita. "Kichwa hakiumi?"

"Hakiumi."

"Na kifua?"

"Kifua kizima, mama. Nikianza kufa nitakuita."

Nilimfuata mama kila mahali siku zile. Nilimfuata chooni nikasimama nje nikimwita mpaka aitike. Akikohoa moshi wa jikoni, mimi nalia. Alinipima joto kwa kiganja, akanichemshia majani machungu ninywe, na nilikunywa bila ubishi kwa sababu alikuwa yeye anayenichemshia.

Kisha baba akachukua karatasi zake akaingia ndani, akavuta mlango. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu niliyoiogopa. Nilikaa nje ya kibanda nikinusa mafuta ya taa yakitoka chini ya mlango, nikisikia brashi ikigonga kopo, nikitazama mama anavyopita na maji, anavyopita na kuni, anapungua ama hapungui. Hakupungua. Alikuwa anaimba kidogo. Nafikiri zilikuwa siku zake nzuri, kwa sababu baba alikuwepo wakati wote na alikuwa anamfikiria yeye.

Asubuhi moja baba aliitoa picha nje, akaiegemeza ukutani, akasogea pembeni akijifuta mikono kwa kitambaa. Mama alikuja kutoka jikoni. Alisimama mbele yake.

Alikuwa yeye hasa. Kigoda, ungo, kitambaa cha kichwa. Gauni lilikuwa limevutika upande mmoja, kama lilivyovutika nilipolishika, ila mkono wangu haukuwepo. Njia ilipita nyuma yake ikiwa tupu, na kando yake baba alikuwa ameweka kigoda cha pili, kitupu, ambacho asubuhi zile hakikuwepo. Mama wa kwenye picha hakutazama maharage. Alikuwa ameinua uso kidogo, kama mtu aliyesikia hatua, akasikiliza, akajua kwamba si hatua za anayemsubiri. Nilikuwa nimeuona uso ule jioni zote za mwiko mlangoni. Sikujua kwamba baba pia alikuwa ameuona.

Mama alitazama muda mrefu. Nilisubiri aanguke.

"Kumbe unaonaga," alisema.

Baba aliendelea kujifuta mikono. Nadhani alitegemea kusifiwa. Ni mwanaume, na kazi ilikuwa nzuri.

"Nilidhani huoni. Nilikuwa najiambia, huyu si mbaya, ni kwamba tu haoni." Alishika pembe ya fremu, akaiachia. "Unaniona hivi, na bado unaendaga."

"Nimechora nilichokiona, Mama Gati."

"Ndiyo," mama alisema. "Ndiyo hiyo."

Hapakuwa na ugomvi. Baba aliondoka juma lile kwenda kuandika kibao cha zahanati, maana alikwisha kuahidi, na aliporudi mama alikuwa amefunga kikapu. Alisema anaenda kwao kumwona mama yake anayeumwa miguu. Nililia niende naye. Alichuchumaa, akanifuta kamasi kwa upindo wa kanga, akanieleza kwa upole kama anavyoelezwa mtu mzima: ng'ombe wa mahari walitoka nyumba hii wakaenda kwao, kwa hiyo yeye anaweza kutembea, lakini mtoto ni wa mji wa ng'ombe walikotoka. Mtoto hatembei na mama yake hivi hivi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na hakuna aliyefikiri kuihoji, hata yeye mwenyewe aliyekuwa analia.

Baba alimsindikiza mpaka kijitoni, nami nikafuata.

"Unarudi lini?" alimuuliza.

"Wewe husemagi unarudi lini," mama alijibu, akavuka. Hakurudi kuishi nasi tena.

Jioni ile watu wakaja. Ndilo jambo ambalo hadi leo linanitia uchungu na kicheko pamoja. Walikuja wote waliokuwa hawaji. Mama Robi alivuka njia na sahani ya ugali wa ulezi na kuku, kuku mzima wa wale wa tengani, akaketi jikoni kwetu akakoroga moto. "Si nilisema?" alimnong'oneza mwenzake, lakini alisema kwa huruma. Kwa hesabu zao, uchoraji ule sasa ulikuwa umemla mwenyewe, na mtu aliyeliwa na chake mwenyewe ni wa kusaidiwa. Nyumba ilijaa sauti. Nilikula paja la kuku katikati ya watu wengi, na sijawahi kuwa peke yangu kama jioni ile.

Baba hakwenda popote. Vijiji vilituma watu wa kumwita, akasema anaumwa. Aliigeuza picha ya mama ikatazama ukuta wa kibanda, akakaa humo asubuhi mpaka jioni bila kufungua kopo. Mvua zilianza. Mimi nilikaa mlangoni kwake nikifikiri, na mawazo yangu yalikuwa na mpango mzuri tu, ila yalisimama juu ya msingi mbovu. Nilikuwa nimekosea kuhusu kifo. Mama hakufa. Mji wa Mzee Mwita haukufa, ulishuka bondeni. Nyumba zilibadilika, lakini watu ni wale wale. Basi kuchorwa si kufa. Kuchorwa ni kuondoka. Na kama ni kuondoka, mbona basi mimi nilikuwa nauogopa mkaa wa baba?

"Tata," nilimwita, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikurya. "Nichore na mimi."

Aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu kijitoni niliona uso wake umefunguka. Alinyanyuka. Alifuta kigoda, akakiweka karibu na lile dirisha kubwa, akanikalisha, akanigeuza kidevu kuelekea kwenye mwanga kwa vidole vilivyonuka mafuta ya taa. Akatafuta karatasi, akatafuta mkaa, akachuchumaa mbele yangu. Hakuwahi kunitazama muda mrefu namna ile. Nilitulia kabisa.

"Leo umetaka nini mpaka uchorwe?" aliuliza, mkaa ukiwa tayari. "Juzi tu ulikuwa unanizibia."

"Ili niende kwa mama."

Mkono ulisimama.

"Ukikichora kitu kinaondokaga," nilimweleza, kwa sababu alionekana hajui. "Mji uliondoka. Mkuyu ukaondoka, na dume. Na mama ulimchora akaondoka. Sasa nichore mimi, nimfuate."

"Nani amekwambia hayo? Mama Robi?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe."

Huyu ndiye mtu aliyecheka kuku wa Mama Robi. Angeweza kunieleza habari za alama ya shoka na ndigana, na baadaye, nilipokua, alinieleza yote. Siku ile hakueleza. Alinitazama, akatazama mgongo wa ile picha iliyogeukia ukutani, kisha akaweka mkaa juu ya dirisha taratibu, kama kitu cha moto.

"Basi wewe sikuchori," alisema.

"Kwa nini, tata?"

"Wewe nakutaka hapa."

Kesho yake aliniamsha mapema, akanivika gauni la Jumapili, akasema twende tukamwone mama. Begi la turubai aliliacha limening'inia ukutani. Tulitembea kwenye matope, tukavuka kijito, tukapita mashamba ya mahindi mpaka upande wa pili, na jua lilikuwa kali tulipofika kwa kina mama. Yeye hakuingia. Kwetu mkwe anamwogopa mama mkwe wake, haingii hovyo alipo, na siku ile alikuwa na sababu nyingine ya kutoingia. Alisimama nje ya ua, kofia mkononi, akanisukuma kidogo begani.

Mama alikuwa jikoni na bibi, anakoroga uji. Alinibeba ingawa nilikuwa mkubwa. Alinuka vilevile. Nilimshika shingo sikutaka kushuka, na nilipochoka kulia akaniuliza habari za nyumbani, za kuku, za mvua, akaniuliza kama baba amesafiri. Nikasema hajasafiri, yupo tu kibandani, wala hachori.

"Hata wewe hajakuchora?"

"Alikataa."

Alikasirika, nikamwona. "Miti ya watu anachora. Ng'ombe wa watu anachora. Mtoto wake wa pekee anamkatalia?"

"Alisema ananitaka pale," nikamwambia.

Mama aliacha kukoroga. Kupitia mlangoni alionekana baba kule nje ya ua, amesimama juani na kofia yake, hajui aketi au asimame.

"Mimi hakuniambia hivyo," mama alisema.

Kisha akajaza kibuyu uji, akakifuta mdomo kwa kiganja, akanipa nimpelekee, yeye akabaki jikoni.